Simama Hapo Hapo, Anarudi

Nina kovu juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Watu wakiuliza nasema nilianguka, na si uongo. Sisemi tu kwamba nilitumbukia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba kutafuta mchwa, nikimfukuza sungura, huku babu yangu amesimama tuli nyuma kabisa, rungu begani, kama mtu anayesubiri basi la Masasi.

Ilikuwa Julai 1991, nina miaka 12, nimeletwa kutoka Lindi mjini kukaa likizo kwa babu na bibi, kijiji kimoja upande wa Nachingwea. Mjini nilijiona fundi wa kuvua vibua kwa mshipi, lakini huko bara sikujua hata kutofautisha mavi ya mbuzi na ya sungura. Babu alinianzia hapo. Aliokota kidonge kimoja pembeni mwa shamba la mbaazi, akakivunja kiganjani, akanisogezea. Cha mbuzi ni cheusi, kirefu kidogo, kimeshikana. Hiki kilikuwa duara kama punje ya mbaazi, rangi ya nyasi kavu, na ndani ni machicha matupu ya majani. Katikati kulikuwa na unyevu bado.

"Cha usiku wa leo hiki," akasema. "Mwenyewe yuko karibu, amelala."

Msimu huo ndio wenyewe. Karanga na mahindi yameshatoka shambani, nyasi zimekauka lakini hazijachomwa, mbaazi bado zimesimama, na watu wazima wako kwenye mikorosho wakipiga salfa alfajiri kabla upepo haujaamka. Sungura anashiba usiku kwa majani ya kunde na masazo ya karanga, mchana analala kandokando ya shamba. Hachimbi shimo. Hilo lilinishangaza, maana picha niliyokuwa nayo kichwani ni ya sungura anayechungulia kutoka ardhini. Huyu wetu wa porini ana kilalio tu: nyasi zimekandamizwa kwa upana wa wayo wa mtu mzima, nyuma pamedidimia zaidi kuliko mbele, kwa sababu ndiko anakoweka makalio na ile miguu yake mirefu. Hata watoto wake huzaliwa juu juu hivyo hivyo, na manyoya yao na macho wazi, si kama wale wa kufuga wanaotoka uchi na vipofu.

Babu alikuwa na maelezo yake kuhusu wingi wa sungura pale. Ujanani alikuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951. Alishuhudia matrekta yaking'oa msitu, akaiona na reli ikiletwa kutoka Mtwara kuja kubeba karanga ambazo hazikuja, halafu reli yenyewe ikang'olewa. Msitu ukageuka mbuga ya majani mafupi. "Mzungu alilima, sungura akavuna," alikuwa akisema, na kila akisema alicheka upya kana kwamba ndiyo kwanza imemjia.

Basi asubuhi ile tulikuwa wanne na mbwa. Babu, mimi, Hamisi mtoto wa mjomba, na Festo wa nyumba ya jirani. Mbwa aliitwa Watasema. Bibi ndiye aliyempa jina, na ujumbe ulikuwa wa jirani fulani wa upande wa pili, si wa mbwa.

Umande ulikuwa mzito, kaptula zimelowa hadi mapajani. Babu alitupanga mstari, kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake, twende polepole, tusimame, twende tena. Kule kusimama ndiko kunakomtoa sungura. Ukitembea mfululizo anakuacha upite hata kama umekaribia kumkanyaga, anabana masikio mgongoni na kujifanya kisiki. Ukisimama, roho inamwambia ameonekana.

Alitokea miguuni kwangu. Sijui nieleze vipi, ni kama ardhi imeruka. Niliona ncha nyeusi za masikio, mkia mweusi juu mweupe chini, halafu vumbi. Watasema akatimka, nikatimka, Hamisi na Festo wakatimka. Nyuma nikasikia sauti ya babu: "Simameni! Simameni hapo hapo!" Lakini nani asimame na mnyama umemwona kwa macho yako?

Sungura hakimbii moja kwa moja. Anakwenda kulia, anakata kushoto, anapanda kilima kwa ile miguu ya nyuma kama anasukumwa na upepo, na mbwa anabaki kuteleza kwenye kila kona. Nilikimbia labda dakika tatu. Ya nne ilinikuta ndani ya shimo la mhanga, mguu umechanwa na mzizi, mdomo una udongo. Nikiwa humo ndani, nikasikia kule tulikotoka, mlio mmoja mkavu: pu!

Nilipochechemea kurudi, babu alikuwa bado amesimama palepale karibu na kilalio, sungura miguuni pake. Hakuwa amesogea hatua hata tatu. Akanitazama mguu, akanitazama uso.

"Sungura hana nyumba, mjukuu wangu, ila ana mtaa. Mtaa wake ndio huu. Ukimfukuza atazunguka kote huko, mwisho anarudi mtaani kwake. Wewe mgeni ndiye unayekwenda kuishia kwenye mashimo."

Festo akasema yeye hata hivyo alishachoka kumtaka. Babu akamjibu, "Sizitaki mbichi hizi, eh?" Nafikiri ndiyo mara pekee niliyosikia msemo huo wa sungura ukitumika mbele ya sungura mwenyewe.

Mnyama alikuwa amezimia, hajafa. Babu alimgeuza kibla, akapiga Bismillahi, akachinja. Hamisi aliwahi kusikia mahali kwamba sungura haliwi kwa kuwa anapata hedhi kama mwanamke, akauliza. Babu hakumkaripia. Alikaa chini akatusimulia hadithi ya Anas, sahaba wa Mtume: jinsi walivyomkurupusha sungura karibu na Makka, watu wakamfukuza mpaka wakachoka, yeye akamkamata, akampeleka kwa Abu Talha, naye akamchinja na kumpelekea Mtume mapaja, akayapokea. "Na wao walichoka kukimbia," akaongeza, akinitupia jicho. Watasema alikuwa amemtia jino kidogo pajani alipofika. Hapo babu alipaosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, na maji yenyewe ni ya dumu moja tuliyobeba kwa siku nzima. Festo, ambaye kwao ni Wakristo, alihesabu kwa sauti ili isizidi.

Kisha akatuonyesha kumtengeneza, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kuua ni kazi ndogo. Kwanza, kabla ya kisu chochote, alimminya chini ya tumbo mkojo utoke, maana kibofu kikipasukia ndani nyama inanuka hata uitie nini. Pili, akayalowesha manyoya. Manyoya ya sungura ni mepesi kuliko pamba ya msufi, na yakigusa nyama hayatoki. Utayakuta mezani, utayakuta kooni. Ngozi yenyewe ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Alikata kuzunguka vifundo vya nyuma, akaning'iniza kwenye tawi la mkorosho, akaivuta ngozi kuelekea kichwani kama mama anavyomvua mtoto fulana. Ilitoka kwa mlio wa kuchanika, na ndani yake nyama nyekundu iliyokolea, karibu na zambarau. Mafuta? Hamna. Nimechuna wanyama wengine baadaye maishani, sijaona mkavu kama yule.

Matumbo yalitoka mara moja. Joto la kwetu, hata Julai, halimsubiri mtu: tumbo lililojaa majani linachacha na kuvimba upesi sana. Alitenga ini, akaibandua nyongo kwa ncha ya kisu, akaliinua ini juani, akaligeuza upande huu na huu. Lilikuwa laini, la rangi moja. "Ukiona madoadoa meupe, au limevimba, chimba shimo zika mnyama mzima, usimpe hata mbwa," akasema. Matumbo nayo aliyafukia, Watasema akilia kwa uchungu. Nilidhani ni roho mbaya. Miaka mingi baadaye bwana mifugo mmoja alinieleza kwamba tumboni mwa sungura hukaa vifuko vya tegu, na mbwa akila mabichi ndipo tegu anapokamilika. Babu sidhani kama alilijua hilo kwa namna hiyo. Alijua tu mbwa wa wale wanaotupa ovyo walivyokuwa wamekonda.

Paja moja lilikwenda kwa mzee mgonjwa wa nyumba ya tatu. Lililobaki bibi alilipika jioni, likawa laini, nami kwa kuwa sikukaa jikoni nikadhani ndivyo nyama hiyo ilivyo.

Wiki iliyofuata babu alikwenda Nachingwea mjini kwa mambo ya chama cha ushirika, tukabaki watoto na dungu la shambani, kile kibanda cha juu cha kulindia mazao. Safari hii nilisimama. Nilisimama kwenye kilalio mpaka miguu ikafa ganzi, Festo na mbwa wakazunguka, na kweli bwana wee, sungura alirudi kwa njia ileile, masikio yamesimama, anakuja kwangu kama ametumwa. Nilimkosa. Hamisi, aliyekuwa nyuma yangu, hakumkosa.

Basi furaha ilitupanda kichwani. Tulimchuna kwa fujo, nusu ya manyoya tukala baadaye. Tukawasha moto mkubwa wa matawi makavu chini ya dungu, tukamtoboa na kijiti, tukamweka juu ya ndimi za moto, chumvi tukanyunyiza kama wanavyofanya wauza mishikaki mjini. Baada ya robo saa nje alikuwa mweusi kama mkaa. Festo akararua paja. Ndani damu. Tukarudisha motoni. Tulipotoa tena, ilikuwa ni kutafuna mkanda wa ndala. Unatafuna, unatafuna, unameza kwa aibu. Nyama isiyo na mafuta ikipigwa na moto mkali inajikunja na kutoa maji yote, ikishajikunja huibembelezi tena kwa moto. Hamisi aliharisha usiku kucha. Hakuna aliyesema sababu mbele ya wakubwa.

Bibi alitukuta saa kumi, ametuletea ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Akaangalia kile kijiti, akaangalia midomo yetu.

"Mume wangu," akaniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, "huyu mnyama kakimbia maisha yake yote. Wewe unataka alainike kwa dakika kumi?"

Aliyachukua mabaki, akayakatakata kwenye maungio. Akatoa moto mwingi mafigani, akabakiza vinga viwili vilivyokaribia kuwa makaa. Akamtuma Festo mpapai wa jirani alete papai bichi. Akalimenya, akalipondaponda, akazipaka nyama na kuziacha mpaka akamaliza kutwanga karanga. Utomvu wa papai bichi unavunja ugumu wa nyama, kila mpishi wa pweza wa pwani anajua, ila ukizidisha muda nyama inakuwa uji juu na mbao ndani. Kisha sufuria, maji yanayozifunika tu nyama, kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi, mfuniko, na jiwe juu ya mfuniko. Akaketi.

Hapo ndipo nilipoona anachofanya mtu anayejua kupika nyama ya porini: hafanyi kitu. Bibi alisuka ukili. Kila mara alisogeza kinga kidogo kwa mguu, mara ndani, mara nje, akisikiliza sufuria. Nikitaka kufunua, anapiga mkono wangu. Sauti aliyoitaka ilikuwa ya kokoto moja moja, si ya mvua. Jua likashuka kwenye mikorosho, kusi ikaanza kupoa, sisi watatu tukaanza kusinzia kwa njaa. Yapata saa mbili na zaidi tangu abandike, alichomeka kijiti kwenye paja, kikapita. Akachanganya zile karanga na maji vuguvugu, akamimina, akakoroga kwa mwiko bila kuacha mpaka mafuta ya karanga yakaelea juu kwa madoa ya dhahabu. "Yeye hana mafuta," akasema, "mwazime." Huko bara nazi ni ya kununua, karanga na ufuta ni vya nyumbani, na kwa kweli nikichagua leo, mchuzi wa sungura nautaka wa karanga.

Tulikula na ming'oko, gizani, tukitema manyoya.

Kulikuwa na mambo mengine likizo ile ambayo sijivunii. Kaka yake Festo alitufundisha kutega kwa waya wa baiskeli, na siku ya tatu tulimkuta Watasema ndiye aliyenaswa, shingo imevimba, ametulia kama anatungoja tu tufike. Alipona. Babu aliporudi alitembea mstari mzima na sisi, tukang'oa kila waya, akazikunja akazitumbukiza chooni. Waya hauchagui, alisema, na hausikii ukiambiwa basi. Moto pia aliukataa katakata. Kulikuwa na vijana waliokuwa wakichoma nyasi ili sungura watoke, na mwaka uliotangulia moto wa namna hiyo uliingia kwenye mikorosho ya mtu, majani makavu yalivyojaa chini, ikateketea miti ya miaka 20. Kwa ajili ya nyama ya kilo mbili!

Siku hizi siwindi. Nasema hivyo bila kujisifu, sheria ndiyo inayosema: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na mnyama wa porini si wa mwenye shamba hata akila kunde zake. Enzi za babu hakuna aliyetuuliza kitu kuhusu sungura, lakini sijawahi kuona "enzi za babu" ikimsaidia mtu mahakamani. Na porini penyewe pamepungua. Pale tulipokuwa tukijipanga mstari sasa ni ufuta na mikorosho mitupu, bodaboda zinapita.

Ila Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu, ana miaka 11, kwenye lile shamba. Nilinunua sungura wa kufuga kwa kijana mmoja wa hapo kijijini anayefuga kwenye mabanda ya mianzi, mweupe, mnene, mtulivu kama mto wa kulalia. Nilichinja, nikamwonyesha kibofu, manyoya kuyalowesha, ngozi kuivuta, ini kuligeuza juani. Alifunga pua ila hakuondoka. Nikaona nyama ni nyeupe kama ya kuku, na mafuta yamekaa kwenye figo, hilo nalo lingeniambia kitu kama ningekuwa nasikiliza.

Mafiga, vinga viwili, papai bichi, mfuniko, jiwe. Nikaketi kama bibi. Binti akauliza mara ya kwanza kama imeiva, nikamwambia huyu mnyama kakimbia maisha yake yote. Akanitazama.

"Huyu, baba? Si alikuwa kwenye banda?"

Nikamwambia asubiri. Akauliza tena, nikampiga mkono alipotaka kufunua. Nilisogeza kinga ndani, nikasogeza nje, nikasikiliza kokoto moja moja. Saa mbili na dakika zake zilipotimia nikafunua kwa heshima zote, nikachomeka kijiti kwenye paja, na kijiti hakikukuta kitu. Paja lilikuwa limeshaachana na mfupa. Nilipokoroga karanga, mgongo nao ukaachana, mbavu zikaelea kama njiti za kiberiti. Ulikuwa uji wa sungura.

Binti alichovya kipande cha ming'oko, akaonja, akatoa mfupa mdogo mdomoni na kuuweka pembeni ya sahani.

"Tamu," akasema. "Lakini kesho nikikwambia imeiva, funua."